Kitanda Kinachosema Uongo

Sehemu ya Sita

Tulimwacha Sindano amesimama pembeni ya jukwaa, mkono wa kulia umezama ndani ya mkoba, uso umempauka kama aliyeshika nyoka.

Hakushika nyoka. Katikati ya nepi mbili safi na soksi moja ya mtoto, vidole vyake vilikuwa vimegusa waya mwembamba wenye kichwa cha duara, mfano wa kifungo cha shati. Kihisi cha joto. Kile chenyewe, cha kweli, cha kubandikwa kwenye ngozi ya kichanga.

Na kama kihisi kimo mkobani, basi kile kitanda cha joto pale jukwaani, kinachopigiwa makofi na watu mia mbili, hakina kihisi.

Kina punje.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, habari ni fupi. Punje ni jina la mafundi. Ni kijirezista kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele, kinachochomelewa mahali pa kihisi ili mashine idhani kuna mtoto amelala ndani, tena ana joto zuri la nyuzi thelathini na sita nukta tano. Kwenye mkutano huu wa wahandisi wahitimu na wajasiriamali kila mtu hupewa dakika saba za kuonyesha kazi yake, na nani anataka mashine impigie kelele dakika ya tatu? Basi kila mmoja huja na punje yake ya namna fulani. Onyesho likiisha, punje inang'olewa, mashine inarudi karakana, watu wanakunywa chai.

Leo mashine hairudi karakana. Matroni wa wodi ya watoto njiti, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha waliolala, alikuwa ameinuka kwenye kiti chake na kusema, "Mimi wodini nina vitanda vinne na watoto tisa. Hiki naondoka nacho leo. Gari liko nje."

Ukumbi mzima ukasimama kushangilia.

Punje ile aliichomelea Sindano. Jina hilo alipewa karakana kwa sababu mkono wake hufika pasipofikika, kama sindano. Sasa sindano ilikuwa imemrudia mwenyewe.

"Tabasamu," Injinia, mwenye kile kitanda, alimnong'oneza bila kuachanisha meno. "Wanapiga picha."

"Mwalimu, punje imo ndani."

"Najua."

Neno hilo lilimuuma kuliko kofi. Alikuwa amejipa moyo kwamba mzee amesahau.

"Kihisi ninacho mkobani. Nipe bisibisi na dakika kumi, nakirudisha."

"Ukikirudisha itapiga kelele kila baada ya dakika tano, kama ilivyotupigia mwezi mzima. Mbele ya mwekezaji. Geuza uso kidogo kulia."

"Inapiga kelele kwa sababu haijawa tayari. Si ulisema mwenyewe, bado wiki tatu?"

"Kesho asubuhi nakwenda wodini, nairekebisha kimyakimya. Ni usiku mmoja tu, binti yangu."

"Na mtoto atakayelazwa humo usiku huo? Akipoa, itasema thelathini na sita nukta tano. Akiungua, itasema hivyohivyo. Hata akikata roho, Mwalimu, itasema..."

"Tabasamu."

Kamera ikamulika.

Msomaji, usimhukumu upesi kwa kuganda pale kama sanamu. Huyu bwana ambaye ukumbi wote unamwita Injinia, Sindano alimwita Mwalimu tangu darasa la jioni. Alikuwa akiingia na vumbi la chaki mkononi kuwafundisha watu waliotoka kufagia, kushona na kuuza duka mchana kutwa, na hakuwahi kumcheka aliyesinzia. Sindano alipokuwa na mimba ya miezi saba, karakana tatu zilimwambia arudi akishajifungua. Injinia alimvutia kiti chenye egemeo na kumwambia, "Kaa hapa, chomelea." Aliyekutoa kwenye tope, utampaka tope?

Na kulikuwa na fomu. Fomu ya mafunzo kazini, karatasi moja tu, iliyobaki kati yake na cheti chake. Miaka minne ya masomo ya jioni, wa mwisho akisoma huku ananyonyesha, yote ilisubiri sahihi ya Injinia. Asubuhi ile alikuwa amemwonyesha imekunjwa ndani ya koti lake. "Mambo yakienda vizuri," alimwambia, "jioni naitia sahihi hapohapo ukumbini."

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno.

"Sasa maswali," alitangaza mshereheshaji, jamaa mnene aliyejaa utani. "Mawili matatu tu, chai inapoa."

Sindano akanyoosha mkono.

Sasa hapo kuna jambo la kuelezwa. Mlangoni kila mgeni hufungwa utepe kifuani. Buluu kwa waliohitimu masomo ya mchana, na mwaka wao umeandikwa. Kijivu kwa wasaidizi, wapokea wageni, watu wa maji na vipaza sauti. Wa darasa la jioni hawana rangi yao. Hupewa kijivu.

Kipaza sauti kikaenda kwa utepe wa buluu wa mbele, ambaye hakuuliza swali bali alieleza kampuni yake kwa dakika tatu nzima. Kikaenda kwa wa pili, akauliza kama kitanda kinaweza kuendeshwa kwa simu kutoka nchi nyingine. Sindano akasogea mbele, mkono bado juu.

Mshereheshaji akamwona.

"Dada wa utepe wa kijivu," alisema kwa upole, "msalani ni mlango wa kushoto."

Watu wakacheka. Sindano akashusha mkono. Alipogeuka, Injinia alikuwa akimtazama, naye hakucheka.

Ikaja chai.

Kama hujawahi kuhudhuria mikutano hii, chai ndiyo mkutano wenyewe. Watu hawanywi. Wanashika kikombe mkono mmoja na kadi mkono wa pili, wanapita wakipeana majina kama watu wanaogawa karata. Matroni alikuwa upande wa pili wa ukumbi, amezungukwa. Hatua thelathini. Sindano akaanza kupenya.

Hatua ya nane akazuiwa na kifua cha mwanamume.

"Habari yako. Wewe uko sekta gani?"

"Naomba kupita, kaka."

"Mimi niko sekta ya kuku. Nina programu ya simu, kuku anapigwa picha, inakwambia atataga lini. Una kuku?"

"Sina kuku."

"Una jirani mwenye kuku?"

"Kaka, nina haraka."

"Wote tuna haraka, dada, ndiyo maana nikatengeneza programu. Shika kadi. Shika mbili, moja ya jirani."

Alipomkwepa akaangukia mikononi mwa akina mama wawili waliotaka kujua ile sketi kashonewa wapi. Akatoka hapo akajikuta nyuma ya mstari wa sambusa, watu wamesimama bega kwa bega, hakuna aliye tayari kupoteza nafasi. Kifua kilikuwa kimeanza kujaa. Saa tisa na nusu. Nyumbani mtoto alikuwa anaamka, na mama yake Sindano alikuwa anapasha maziwa ya kopo yasiyopendwa.

Akabaki na hatua tatu. Aliuona hata ukosi wa gauni la Matroni, ulivyopigwa pasi ukasimama kama ubao.

"Mama," akaita. "Samahani, Matroni..."

Mkono ukampita kwapani kwa ulaini, kama mkono wa baba anayemsindikiza bibi harusi.

"Huyu ndiye msaidizi wangu niliyekuwa nakusimulia," alisema Injinia. "Hajalala siku mbili, maskini."

Matroni akamtazama Sindano juu hadi chini. "Una mtoto mdogo."

"Ndiyo, mama. Wa miezi minane."

"Naona blauzi imelowa. Nenda nyumbani ukanyonyeshe, mwanangu. Hizi chai za wanaume haziishi."

"Mama, kuna kitu kuhusu kile kitanda..."

"Blanketi la kukifunikia," Injinia akadakia. "Umenikumbusha. Liko stoo nyuma ya jukwaa. Kalilete, gari linasubiri."

Akamgeuza taratibu. Kwa mkono wa pili alifungua koti, kiasi tu cha ncha ya karatasi nyeupe kuonekana, na kalamu pembeni yake.

"Lete blanketi," alinong'ona, "nami nitie sahihi. Baada ya hapo useme utakalo. Si ni haki?"

Sindano akaenda. Wapo watakaosema alinunuliwa kwa karatasi. La hasha. Kule stoo ndiko lilikokuwa sanduku lake la vifaa, na ndani ya sanduku mlikuwa na bisibisi. Kichwani alishapiga hesabu. Atarudi na blanketi, ajifanye anakifunika kitanda, ainame, skrubu nne, punje nje. Kitanda kitaanza kupiga kelele chenyewe mbele ya watu, wala hatahitaji kipaza sauti cha mtu.

Stoo ilikuwa chumba chembamba chenye viti vilivyopandana, mapazia ya zamani na ndoo za deki. Sanduku lilikuwa mwisho kabisa. Aliinama, akafungua kifuniko.

Mlango ukafungwa nyuma yake. Kisha akasikia ufunguo.

"Mwalimu?"

Sauti yake ikatoka karibu sana na mbao.

"Nisamehe, Sindano. Nusu saa tu. Gari likishaondoka nakuja kukufungulia."

"Mwalimu, fungua."

"Miaka tisa nimepanda jukwaa hili. Miaka tisa wananipigia makofi na kunipa kadi. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu amesema anakitaka. Unajua maana yake?"

"Najua. Fungua."

"Hujui. Wewe bado mdogo."

Nyayo zikaondoka.

Alipiga mlango kwa viganja. Alipiga kwa ngumi. Upande wa pili muziki ulikuwa umefunguliwa wa kusindikiza chai, na watu mia mbili wakiulizana sekta zao. Simu? Simu yake ilikuwa mfukoni mwa Injinia tangu saa nane, ndiyo iliyotumika kubadilishia picha ukutani wakati wa onyesho. Dirisha halikuwepo. Mlango ulifunguka kwa nje, bawaba zote ziko nje, bisibisi haikuwa na cha kufungua.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Maziwa yalikuwa yakimtoka sasa bila ruhusa, joto kwenye blauzi, na kwa dakika nzima hakuwaza kitanda wala fomu. Aliwaza mdomo mdogo unaotafuta titi usilipate.

Halafu akamwaza yule mwingine, ambaye hajui jina lake wala sura yake, anayetayarishwa kuvuliwa nguo na kulazwa kwenye godoro linalosema uongo. Yule hata nguvu ya kutafuta titi hana.

Muziki ukakatika. Kipaza sauti kikakohoa.

"Ndugu wahitimu," ilisikika sauti ya mshereheshaji, "tukusanyike kidogo. Kabla kitanda hakijapanda gari, mwekezaji wetu ana maneno mawili. Tufunge mapazia tena, tuone ile picha ya mwisho."

Sindano akainua kichwa. Mapazia yanafungwa. Ukumbi utakuwa giza, isipokuwa taa za umeme.

Akageuka ukutani. Nyuma ya rundo la viti kulikuwa na sanduku la bati la kijivu, refu kama mlango wa kabati. Alivuta viti, kimoja kikamwangukia mguuni, hakuhisi. Akafungua bati. Swichi mistari miwili, na kila moja imeandikwa kwa kalamu ya wino: jukwaa, taa, vipoza hewa, jikoni, soketi.

Mwanafunzi wa darasa la jioni hafundishwi mengi kuhusu mikutano ya wakubwa, ila swichi anazijua.

Akashusha zote.

Upande wa pili ikapita sauti moja, "Aaa," kama ya uwanja wa mpira mtu akikosa bao. Kisha minong'ono, kisha vicheko. Mtu akasema wahandisi mia mbili na hakuna mwenye mshumaa. Halafu nyayo zikakimbia kuelekea stoo, ufunguo ukahangaika, mlango ukafunguka.

Alikuwa fundi wa sauti, tochi ya simu mkononi.

"We dada, nani kakufungia humu?"

"Asante, kaka," Sindano akasema, akampita.

Ukumbi ulikuwa gizani, watu ni vivuli na miale ya simu. Pale mbele kitu kimoja tu kilikuwa kinang'aa. Kitanda kina betri yake. Ndani yake alilala mwanasesere wa plastiki, waya wa maonyesho umebandikwa kifuani kwa utepe wa gundi, na juu yake tarakimu za kijani zimetulia bila wasiwasi wowote.

36.5.

Mezani palikuwa na karai la barafu na chupa za maji. Sindano alichukua chupa moja, ikamchoma vidole kwa baridi. Akapanda jukwaani. Akamtoa mwanasesere kwa kumshika mguu mmoja, akailaza chupa mahali pake, akaubandika ule waya juu ya chupa, akauviringisha mara mbili usianguke.

Alirudi nyuma hatua moja, akangoja.

"Nani huyo jukwaani?" mshereheshaji akauliza.

"Utepe wa kijivu," akajibu Sindano. "Naomba mnitazamie hiyo namba."

Simu zikaelekezwa. Tochi ishirini, thelathini, zikamulika kitanda. Chupa ilikuwa inatoa jasho, matone yakiteremka kwenye shuka jeupe.

36.5.

Wale wa nyuma wakasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Yule jamaa wa kuku alikuwa wa kwanza kufumbua mdomo, akasema polepole, "Hiyo chupa ina homa."

Kicheko kikaanza, kikafia njiani.

"Ndugu zangu," Injinia akajitokeza gizani, mikono mbele kama anayetuliza ng'ombe. "Huyu binti amechoka. Ana mtoto mchanga, hajalala. Mnajua wenyewe mambo ya uzazi. Sindano, shuka, binti yangu."

"Sishuki, Mwalimu."

"Kihisi kimelegea tu, kwa hiyo kinasoma..."

"Kihisi hakijalegea. Hakipo." Akazamisha mkono mkobani, safari hii akautoa. "Kihisi ni hiki hapa. Ndani ya kitanda kuna punje. Niliichomelea mimi, kwa mkono huu, juzi mchana. Sikulazimishwa. Ilikuwa ya onyesho."

Sasa hapo, msomaji, ukumbi wa watu wengine ungepiga mayowe. Ukumbi huu ulitazama viatu vyake. Maana nani kati yao hakuwahi kuweka punje? Mshereheshaji mwenyewe alijikuna shingo.

"Kusema haki," alisema, "hata mimi mwaka ule nilileta roboti ya kufagia. Binamu yangu alikuwa ndani."

Matroni alikuwa ameshapanda jukwaani. Aliweka kiganja juu ya chupa, akakiacha hapo. Akatazama namba. Akatoa kiganja, akakiweka shavuni kwake mwenyewe, kama mtu anayetaka kuwa na hakika kwamba bado anajua baridi ni nini.

"Injinia," alisema, "hii ingesema hivi mpaka lini?"

Injinia akageukia mlango, kule gari lilikosubiri.

"Mwanangu, nijibu wewe."

"Mpaka betri iishe, mama. Na ukiichomeka kwenye umeme, siku zote."

"Na mtoto akiwa wa baridi kama hii chupa?"

"Isingelia."

Umeme ukarudi. Fundi wa sauti alikuwa amezipandisha swichi moja moja, na taa zikawaka kwa zamu kutoka nyuma kuja mbele, zikamfikia Injinia mwisho. Alionekana mzee. Mwekezaji alikuwa ameshafunga kifuniko cha kalamu yake, akiitafuta njia ya kutokea kwa macho.

Injinia aliiona kalamu ile ikifungwa. Taratibu akaingiza mkono kwenye koti, akaitoa fomu, akaikunjua. Sindano aliliona jina lake, herufi kubwa, kwa mwandiko wake mwenyewe. Injinia akaichana katikati, akavipanga vipande viwili, akavichana tena. Hakuitupa chini. Alimkabidhi, kama mwalimu anavyorudisha mtihani.

"Umeniua," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nilikupa kiti."

"Ulinipa, Mwalimu," Sindano akasema. "Na nitakusimulia kwa wema kwa mwanangu. Ila sitakunyamazia."

Vipande vinne vya karatasi vilikuwa vyepesi ajabu. Akaviweka mkobani pamoja na nepi. Kifuani, chini ya blauzi iliyolowa, kitu kilichokuwa kimembana tangu saa nane kilianza kulegea. Mtoto wa watu hatalala humo. Cheti kitatafutwa tena. Miaka minne si mingi kwa aliyeizoea.

Akafikiri yamekwisha.

Alipoinua macho, Matroni alikuwa hajamtazama yeye, wala Injinia. Alikuwa anatazama kitanda, midomo ikienda bila sauti, kama anayehesabu.

"Mwanangu," alisema. "Na kile cha kwanza?"

"Cha kwanza kipi, mama?"

"Kitanda cha kwanza. Alituletea Jumatano, kwa gari lake mwenyewe. Akaniomba nisikitaje hapa mpaka barua ya kibali itoke. Ndiyo maana leo nimekuja kuchukua cha pili."

Sindano akamgeukia Injinia. Mwezi uliopita walikuwa na kitanda kingine, walichokipeleka kwenye onyesho la wafanyabiashara. Nacho Sindano alikiwekea punje. Injinia alimwambia amekivunja achukue spea.

"Mwalimu, ulisema umekivunja."

Injinia alikaa chini, pale pale kwenye ngazi ya jukwaa, akashika kichwa.

"Nilitaka waanze kukizoea," alisema. "Nilikuwa niende kesho. Nilikuwa nivirekebishe vyote viwili, kesho."

"Mama," Sindano akasema, na sauti yake ilikuwa ya kazini sasa, kavu na ya haraka. "Mlipokiwasha mara ya kwanza, kabla hamjamweka mtu, kikiwa kitupu. Kilisoma ngapi?"

Matroni alifumba macho akumbuke. Aliyafumbua akitazama zile tarakimu za kijani.

"Thelathini na sita nukta tano. Nikawaambia wauguzi, tazameni, kimeshapata joto."

"Na sasa kina mtoto?"

"Tangu saa nne asubuhi. Kilo moja na robo. Nimewakataza wasimguseguse kwa kipimajoto cha mkono. Niliwaambia mashine inatosha."

Tayari alikuwa ameshatoa simu. Alikosea kubonyeza mara mbili, Sindano akaishika, akabonyeza pale palipoandikwa wodi, akaweka sauti ya nje. Ukumbi mzima, tepe za buluu na za kijivu, ulisikia ikiita. Mara moja. Mara ya tatu. Mara ya sita.

Ikapokewa. Sauti ya msichana, changamfu, isiyo na haraka.

"Wodi ya njiti, habari za mchana."

"Ni mimi," Matroni akasema. "Yule wa kitanda kipya. Anaendeleaje?"

"Ah, Matroni, usiwe na wasiwasi," sauti ikajibu. "Yule mzuri kabisa. Tangu ulipoondoka hajatusumbua hata kidogo."